Spika za Nyuma za Anakleti

Kijana, ukiunganisha mashine ya mtu ikaimba vizuri mara ya kwanza, usishangilie. Kaa chini ujiulize kwa nini inaimba. Mimi sikujiuliza. Nilipigiwa makofi, nikanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikapanda baiskeli kurudi Omurushaka nikiwa fundi mkubwa kuliko wote kati ya Kayanga na mpakani, na ukubwa huo ulidumu wiki saba. Daftari langu linasema wiki saba. Kichwani mwangu ni kama mwaka mzima, lakini kichwa changu kimeshanidanganya sana, kwa hiyo nitafuata daftari.

Nyie mnaofungua simu pale Kayanga mmeniuliza mara nyingi kwa nini nilikuwa sigusi kifaa cha mtu mpaka mwenyewe avute kiti akae mbele yangu. Mmoja wenu alisema, kwa adabu kabisa, kwamba babu alikuwa anatafuta mtu wa kupiga naye soga. Hilo silikatai. Lakini ipo sababu nyingine, nayo ina spika nne, pini moja na mimi mwenyewe katikati, na sehemu yangu haipendezi.

Enzi hizo hakuna aliyeacha redio kwa fundi akaenda zake. Mtu alitoka Kyerwa, ambako wakati huo kulikuwa bado ni Karagwe hiyo hiyo, redio imefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga, akafika kibandani kwangu Omurushaka, akasalimia, akakaa. Alikaa mpaka redio ipone au ife. Macho hayakutoka mikononi mwangu. Watu waliamini kwamba fundi akibaki peke yake na redio anang'oa kilicho kizima, anaweka kibovu, na kile kizima kinakwenda kwenye redio ya shemeji yake. Kulikuwa na mzee mmoja aliyefunga uzi mwekundu kwenye kila kipande ndani ya redio yake ili avitambue. Nyuzi zikanasa kwenye kamba ya kutafutia stesheni, mshale ukagoma kusogea, akaniletea nitengeneze. Alihesabu nyuzi zake kabla ya kazi na baada ya kazi. Zilitimia. Aliondoka bila kuniaga vizuri, kama mtu aliyenyimwa ushahidi.

Niwatendee haki wateja wale. Walikuwa na sababu. Mafundi wa namna hiyo walikuwepo, na mmoja nilimfahamu. Nyumbani kwake kulikuwa na redio ambayo hakuinunua wala hakupewa na mtu, ilizaliwa tu polepole mezani kwake, kiungo kwa kiungo.

Aliyenifundisha kazi, mzee Sebastiani wa Bugene, aliigeuza tabia hiyo ya wateja kuwa sheria. Alikuwa Mnyarwanda aliyekuja huku akiwa kijana, akalima vibarua kwenye mashamba ya kahawa ya watu kabla hajapata testa yake ya kwanza, kile kipimo cha umeme. Nilianza kukaa naye wakati ule wa vita vya mpakani, kila mtu alipotaka redio iseme. Alinifundisha kuinusa redio kabla ya kuifungua, maana kilichoungua hakijifichi puani. Alinifundisha kuchora muunganiko wote kwenye karatasi kabla sijachomoa waya hata moja. Waya za rangi mbili hatukuwa nazo, kwa hiyo tulifunga mafundo: fundo moja ni kushoto, mafundo mawili ni kulia, hata ukifumba macho vidole vinakuambia. Na alinifundisha kutofungua kitu cha mtu bila macho ya mwenyewe.

"Si kwamba utaiba," aliniambia. "Ni kwamba hutakuwa na wa kukutetea."

Mkono wa Sebastiani kwenye risasi ya kulehemu ulikuwa mzuri. Wa kwangu ulikuwa na haraka. Mara moja alivuta waya niliyotoka kuichomelea, ikabaki mkononi mwake, akanikabidhi kama anarudisha sindano aliyoazima.

Basi, Anakleti.

Anakleti alikuwa mnunuzi wa kahawa kule Nyakakika. Alikuwa na nyumba ya bati yenye sebule ya kukaa watu ishirini, na jenereta ambayo kijiji kizima kiliijua kwa mngurumo. Miaka ya tisini ilipoanza, daktari mmoja mzungu alikuwa anarudi kwao, akauza vitu vyake. Anakleti alinunua amplifaya, deki ya kaseti, spika nne, na kisanduku cheusi cha zamani chenye skrubu sita, ambacho hakuna aliyejua ni cha nini. Mzungu alimweleza kwamba kinaitwa dekoda, na kwamba kikiunganishwa sawasawa sauti itakuzunguka ulipokaa. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kijerumani. Katika maelezo yote Anakleti alishika neno moja, kuzunguka. Redio za wenzake zilisema nao usoni. Yake ingesema naye mpaka mgongoni.

Aliponiita nilisema kazi hiyo naijua. Daftari la siku hiyo lina mstari mmoja: "Dekoda. Sijui ni nini. Nimesema najua."

Nilifanya kazi siku mbili sebuleni kwake, yeye kwenye kiti, anatafuna buni kavu za kahawa, macho mikononi mwangu kama ilivyo desturi. Kwa wale mtakaokutana na kitu cha namna hiyo kwenye kabati la mzee fulani, nilichofanya ni hiki. Deki iliingia kwenye amplifaya kama kawaida, na amplifaya ikaendesha spika mbili za mbele. Nyuma ya amplifaya kuna matundu mawili ya kutolea sauti ya kurekodi, moja la kushoto na moja la kulia. Hapo nikatoa waya mbili kwenda kwenye dekoda. Dekoda ikapeleka sauti kwenye amplifaya ya pili, ndogo, iliyokuwa ya gari na iliyotumia betri, na hiyo ikalisha spika mbili za nyuma. Maana yake za mbele hazikuitegemea dekoda kwa lolote. Dekoda ilikuwa ya za nyuma tu. Pini za zile waya mbili sikuwa nazo, nikaunda mwenyewe, nikachomelea kwa pasi ya kulehemu niliyoipasha kwenye jiko la mkaa, nikafunga mafundo yangu.

Tukawasha. Spika nne zikaimba. Anakleti aliinuka akaenda mbele, akasikiliza. Akaenda nyuma, akasikiliza. Akarudi akakaa katikati, akafumba macho kama anayebatizwa.

Jumatatu ya Pasaka alialika watu. Sakafu ilitandikwa nyasi laini, kama inavyotandikwa kwa wageni wa heshima, na wageni wakapangwa katikati ya spika kwa uangalifu kuliko tunavyopangwa kwenye picha ya harusi. Kwaya ilipoanza kuimba nyuma yao, wazee watatu waligeuka kuona nani ameingia bila kubisha hodi. Mzee Tibenda, mwenyekiti wa kijiji, aliinua hata kofia kumsalimia. Baada ya hapo kila mtu alijifanya amezoea. Walikaa shingo zimekakamaa, wanatabasamu, wanaogopa kugeuka wasije wakaonekana washamba. Sijawahi kuona watu wakiteswa na muziki kwa heshima kiasi kile. Walisifu kwa zamu. Anakleti akasema mbele ya wote kwamba fundi kama mimi hata Bukoba hayupo. Nilijibu hapana, hapana, kwa sauti ndogo ambayo nilihakikisha haimfikii mtu.

Wiki zilizofuata nilipata kazi mpaka kutoka Kyerwa. Watu walikuja na redio ya spika moja wakitaka iwazunguke. Mmoja nilimshauri aiweke katikati ya chumba, azunguke yeye. Hakupendezwa, na sasa naona alikuwa na haki ya kutopendezwa. Nilikuwa nimeanza kuwa na mdomo.

Kisha Anakleti akatuma neno kwamba spika za nyuma zinakwaruza. Nikaenda na mfuko wangu. Kumbe mwenyewe alikuwa amekwenda Kyerwa kuangalia kahawa. Mkewe, Ma Adelina, alinikaribisha, akawasha jenereta, akasema yeye anawahi kupalilia maharage, niendelee tu, nyumba naijua. Hapo ndipo nilipotakiwa kukaa nje kwenye benchi, nimsubiri mwenye mali hata mpaka kesho yake. Lakini mimi nilikuwa yule fundi ambaye hata Bukoba hayupo.

Kosa nililiona upesi. Pini ya mafundo mawili, ya kulia, lehemu yake ilikuwa haijashika. Risasi ilikuwa imeganda juu tu, kama ugali uliogandia mwiko, na waya ilikuwa inacheza ndani. Kazi ya mkono wangu wa haraka. Nikapasha pasi, nikakwangua, nikachomelea upya, nikavuta kwa nguvu, ikagoma kutoka. Sijawahi kuchomelea vizuri vile, kabla wala baada. Nikairudisha pini tunduni, nikaweka kaseti. Za mbele zikaimba. Za nyuma kimya.

Nikabadilisha spika. Nikageuza waya. Nikapuliza matundu. Kimya. Basi nikafanya kile nilichokatazwa na mzee wangu: nikafungua kisanduku peke yangu, kwenye nyumba isiyo na mtu. Nilinusa, hakikunuka. Kila kitu ndani kilikuwa mahali pake. Nilikitazama kama mbuzi anavyotazama gazeti, nikafunga. Skrubu ya sita ikaniponyoka, ikaingia kwenye nyasi za sakafuni, nyasi mpya za Pentekoste, ndefu na nene. Nilitambaa kwa magoti mpaka nikachoka. Nikapita shambani nikamwambia Ma Adelina kwamba za nyuma zimenyamaza, nitarudi keshokutwa. Alisema sawa, akaendelea na maharage yake.

Sasa fikirini alichokikuta Anakleti jioni. Fundi alikuja, wenyewe hawapo. Kisanduku kimefunguliwa, kina skrubu tano. Sauti ya nyuma haipo, na fundi hayupo. Nilijaribu kuandika daftarini hoja zake upande mmoja na hoja zangu upande wa pili. Za kwake zilijaza ukurasa. Za kwangu ilikuwa moja: mimi sijachukua. Nilipoisoma niliona hata mwizi angeandika hivyo hivyo.

Habari zilifika Omurushaka kabla ya hiyo keshokutwa. Anakleti hakusema ameibiwa. Alisema kuna kitu kimetoka mle ndani. Wateja wawili walikuja kuchukua redio zao, ambazo nilikuwa hata sijazifungua, wakazifungua wenyewe mbele yangu kwa kisu cha mfukoni, wakaangalia. Mmoja aliinusa ya kwake. Mimi ndiye niliyemfundisha kunusa. Halafu mwenyekiti Tibenda akatuma mtu: Jumamosi nifike Nyakakika, nyumbani kwa Anakleti, nijieleze mbele ya wazee. Kibandani kwangu sikuwa na bidhaa. Nilikuwa na meza, testa, na watu kuniamini. Nikitoka Jumamosi hiyo na jina la mwizi, nafunga kibanda, narudi kulima.

Nikaenda Bugene kwa Sebastiani. Alikuwa ameshaacha kazi, mikono imeanza kutetemeka, nikamkuta anachambua kahawa kwenye mkeka. Nilimwamkia, nikamweleza yote, na pale niliposita nikamsomea daftari. Nilitegemea ataniuliza juu ya kisanduku. Aliuliza wanapiga kaseti gani. Nikasema kwaya, na nyimbo walizozinasa redioni. Akauliza zimerekodiwa na nini. Nikasema na redio kaseti ya spika moja, kama za kila mtu. Karagwe nzima kaseti ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Akaacha kuchambua.

"Evodi, upande wa kushoto wa kaseti hiyo kuna nini?"

"Kwaya."

"Na kulia?"

"Kwaya ile ile."

"Ukitoa kwaya kwenye kwaya ile ile, inabaki nini?"

Hapo nikaona, na sikupenda nilichokiona. Kisanduku kile hakiongezi kitu. Kinatoa. Kinachukua sauti ya kushoto, kinaondoa iliyo sawa nayo kulia, na tofauti inayobaki ndiyo inayopelekwa nyuma. Kanda za mzungu zilirekodiwa pande mbili zisizofanana, kwa hiyo tofauti ilikuwepo. Za kwetu, kushoto na kulia ni sauti moja. Moja toa moja. Ni hesabu ya darasa la pili, na mimi niliyefika la saba ilinichukua wiki saba na msaada wa mzee kuijibu. Siku ya Pasaka pini ya kulia ilikuwa imekufa kwa lehemu yangu mbovu. Dekoda ikapata kushoto peke yake, haikuwa na cha kutoa, ikapeleka kwaya nzima nyuma. Nilipoiponya pini, dekoda ikaanza kazi iliyoundiwa: ikatoa, ikabaki na sifuri, ikanyamaza. Iliimba kwa ubovu wangu. Ilinyamaza kwa ufundi wangu.

Sebastiani alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kisha akanipa ushauri, nami nauandika ulivyokuwa, ingawa namheshimu. Alisema niende, nijifanye nakagua waya, nilegeze pini kwa kidole, za nyuma ziimbe, niseme nimerekebisha, nile ndizi nirudi nyumbani. Nikamkumbusha mafundisho yake mwenyewe. Akasema alinifundisha ufundi, hakunifundisha kufa njaa.

Ushauri huo ulikuwa na tundu. Nikirudisha sauti kimyakimya, watasema nimerudisha nilichochukua. Ili nisiwe mwizi ilinibidi nieleze hesabu yote, na hesabu yote ilianzia Pasaka, kwenye kazi ile ile iliyonipa jina. Nikiieleza, nitakuwa nimewaambia wazee wa Nyakakika kwamba fundi wao mkubwa hakujua alichounganisha. Yaani nichague, mwizi au mbumbumbu. Siku tatu niliandika la kusema, nikafuta, nikaandika. Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Niliingia Nyakakika sijaamua.

Sebule ilijaa, na wengi walikuwa wageni wale wale wa Pasaka. Nilitoa shikamoo zangu, zikaitikiwa kwa upungufu. Anakleti akasimama.

"Sisemi ameiba," alisema. "Mimi si mtu wa kusema maneno hayo. Nasema kulikuwa na sauti. Amekuja na mfuko, ameondoka na mfuko, sauti haipo."

Watu wote wakatazama mfuko wangu. Hata mimi niliutazama.

Niliuliza kwanza kama kuna kaseti yoyote ya mzungu, kwa sababu hiyo ingeimba nyuma na pini ikiwa mahali pake, na mambo yangeishia hapo. Ilikuwepo moja. Ma Adelina akasema walishairekodia juu hotuba za kipaimara cha mtoto wa dada yake, tena hotuba nzuri. Basi nikaomba jenereta iwashwe. Nikaweka kwaya, za mbele zikaimba. Nikanyoosha mkono mbele ya macho yao wote, nikachomoa pini ya mafundo mawili. Za nyuma zikaimba.

"Amekirudisha," akasema mzee mmoja kwa utulivu, kama anayesoma tangazo kanisani.

Nikachomeka, kimya. Nikachomoa, zikaimba. Nikamwomba mwenyekiti ajaribu mwenyewe. Akachomeka, akachomoa, zikaimba.

"Na mwenyekiti naye kakirudisha?" akauliza Ma Adelina.

Kicheko kikapita sebuleni. Mzee Tibenda hakuwa mtu wa kuchekwa kwa muda mrefu. Akasema haraka kwamba imeonekana, kumbe ni pini tu ililegezwa na kukazwa, fundi hakuchukua kitu, tumalize, tunywe. Nilikuwa nimeshainama kushika mfuko wangu. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kuwa karibu na mlango kiasi kile.

"Ngojeni," alisema Anakleti. Alikuwa mtu wa kupima kahawa, alijua mzani unapodanganya. "Ikiingia inanyamaza, ikitoka inaimba. Siku ya Pasaka ilikuwa imeingia au imetoka?"

Ningeweza kusema panya. Nyumba ile ilikuwa na panya, nilikuwa nimewasikia darini. Ningeweza kusema watoto. Wala nisingeulizwa zaidi. Sijui kwa nini sikusema. Daftari halisemi kwa nini, na nimelisoma mara nyingi kutafuta. Labda ni kwamba lile swali lilikuwa zuri, na mimi nilikuwa mtu pekee pale ndani aliyeweza kulijibu.

"Ilikuwa haijashika," nikasema. "Niliichomelea vibaya. Siku mliyonisifu nilikuwa nimekosea. Siku mnayonilaumu ndiyo niliyotengeneza."

Kwaya ikaendelea kutuimbia migongoni.

"Kwa hiyo fundi," akasema Ma Adelina polepole, "tangu Pasaka tunakaa hapa kusikiliza ubovu?"

"Ndiyo, mama."

"Na waliokuja wakausifu?"

"Waliusifu ubovu."

Hilo la mwisho sikupaswa kulisema. Waliousifu walikuwa wamenizunguka pande zote nne. Hapo hapo katekista mmoja mstaafu akasema yeye siku ile ya kwanza alihisi kuna kitu hakiko sawa, ila hakutaka kuharibu sikukuu. Jirani yake akasema hata yeye. Mpaka zamu ilipomfikia mwenyekiti, sebule nzima ilikuwa imegundua kosa langu tangu Pasaka, na waliojua ni wote isipokuwa mimi. Nilieleza moja toa moja kwa vidole vyangu, mara mbili. Wachache walielewa. Anakleti alikuwa mmoja wao, nilimwona anavyohesabu kwa midomo.

Mzee Tibenda akatoa neno la mwisho. Fundi hakuchukua kitu. Fundi ni wa kubahatisha, na kila mwenye redio achunge mwenyewe. Pini ibaki nje kama ilivyokuwa Pasaka, kwa sababu mwenye nyumba alinunua sauti ya nyuma, hakununua kimya. Akamuuliza Anakleti kama ana la kuongeza. Anakleti akasema amesikia. Hilo tu. Nikaichomoa pini kwa mkono wangu mwenyewe, na ile lehemu safi kuliko zote nilizowahi kufanya ikabaki inaning'inia nyuma ya kabati.

Niwaambie yaliyofuata kazini, msije mkadhani ukweli ulinilipa. Omurushaka waligawanyika. Wapo waliosema mimi si mwizi ila sijui kazi. Wapo waliosema kazi naijua sana, ndiyo maana niliweza kuiba mbele ya mwenyekiti bila kuonekana. Wapole zaidi walisema huenda ni vyote viwili. Nusu ya wateja waliniacha. Waliobaki walisogeza viti vyao karibu zaidi na meza, nami niliwaomba wasogee tena. Ndiyo desturi mliyoikuta kwangu, mkaiita soga.

Lakini nilitaka kuwaambia juu ya siku yenyewe. Baraza lilipokwisha, Anakleti alinisindikiza, kama inavyompasa mwenye nyumba, akinisukumia baiskeli mpaka barabara inayokuja Omurushaka. Wengine tuliwaacha sebuleni wanakunywa. Alifungua mdomo tulipoipita migomba yake ya mwisho.

"Fundi, mimi nilijua hukuchukua."

Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Tangu jioni ile ile. Nilikitazama ndani, hakuna palipong'olewa. Lakini nilikuwa nimeshalisema kwa watu."

Nikamwambia watu wenyewe bado wako kwake, vikombe havijaisha, na kurudi ni dakika tano. Aliangalia nyuma, bati lake lilikuwa linaonekana juu ya migomba, na kwaya tuliisikia hadi pale. Alikaa akiangalia muda mrefu, mpaka nikaamini anageuza. Kisha akaniambia tairi langu la nyuma halina upepo wa kutosha, nisipande mpaka nipate pampu.

Akanikabidhi usukani, akarudi. Nikainama nikaliminya tairi. Kwa hilo alikuwa amesema kweli.